Ghorofa Lisilo na Baraza

Nyumba aliyotuachia marehemu mama ilikuwa mtaa wa maduka, Musoma mjini, na mbele ilikuwa na baraza pana lenye nguzo, kama nyumba zote za zamani za mtaa ule. Mimi ni fundi cherehani. Baraza lile ndilo lilikuwa ofisi yangu. Mtu anatoka sokoni, ananiona, anakumbuka suruali yake imeachia pindo. Mvua ikipiga kutoka ziwani watu wanajibanza pale, na wakishajibanza wanaanza kuulizana bei ya kushona sare. Nilikuwaga nasema kazi yangu nusu ni mikono, nusu ni kuonekana.

Mdogo wangu wa kiume, anayeuza nafaka, alitaka kuivunja nyumba ajenge ghorofa la biashara, fremu za maduka chini na ofisi juu. Kabla ya yote aliniita kwake Bweri. Mchoraji wa ramani alikuwepo, kijana mpole, ametandaza karatasi mezani.

"Mama, wewe unataka nini kwenye jengo?" akaniuliza.

"Baraza."

Mdogo wangu akacheka. "Dada, nakujengea ghorofa, bado unataka kukaa nje?"

"Nje ndiko wateja waliko."

Mke wake akadakia akiwa jikoni, "Mpeni wifi yangu baraza lake, asije akatuhamia hapa sebuleni na cherehani!"

Mdogo wangu akamgeukia mchoraji. "Weka baraza. Upana ule ule. Huyu akikosa baraza, mimi nitaweka wapi uso wangu?"

Mchoraji akachora nguzo kwa penseli, na chini yake akachora mtu mdogo ameinamia mashine. "Huyu ni wewe, mama." Nilifurahi kama mtoto, siwezi kuficha.

Ilibaki idhini ya ukoo, maana nyumba haikuwa ya mtu mmoja. Baada ya wiki kadhaa tukaenda Butiama kukaa kikao. Shangazi yetu mkubwa hakutaka ivunjwe. Alisema nyumba ya marehemu haigeuzwi duka. Mwisho akanitazama mimi. "Wewe ndiye unayekula pale. Unasemaje?"

Hapa lazima nieleze. Ng'ombe waliotolewa mahari yangu ndio hao hao waliotoka zizini kwetu kwenda kumwolea mdogo wangu mke. Kwetu ndugu wa namna hiyo anakuheshimu kama mama yake, na wewe huhitaji kumkagua. Neno lake ukishalisikia, limetosha. Basi nikasimama nikasema ivunjwe, mdogo wangu amenitunza kwenye ramani. Shangazi akasema basi, na ivunjwe. Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni yangu, anatazama viatu vyake. Nilidhani ni unyenyekevu.

Wakati wa ujenzi nilihamia Bunda kwa binti yangu, nikashonea mbele ya duka la mtu. Siku moja nilikuja Musoma kununua nyuzi, nikapita kwenye jengo. Palikuwa na bango kubwa lenye picha ya ghorofa litakavyokuwa. Vioo vya bluu toka chini hadi juu. Magari yamepangwa mbele, na watu weupe weupe wanatembea na mikoba. Nililitafuta baraza kwenye ile picha sikuliona. Nikajiambia, mimi ni wa darasa la saba, picha za siku hizi sizijui, pengine baraza huja mwishoni kama rangi. Nikarudi Bunda na nyuzi zangu.

Mara ya pili zege la chini lilikuwa limekauka, ukuta umekuja mpaka ukingoni, hakuna hata mahali pa nguzo. Mchoraji alikuwa pale anapima. Nikamuuliza baraza litakaa wapi.

Akavua kofia. "Mama, nilidhani umeambiwa. Mpangaji wa chini alitaka kioo mpaka mbele, na nafasi ya magari. Nikaambiwa nifute."

"Uliambiwa lini?"

"Kitambo. Kabla hamjaenda kikao Butiama."

Nilikaa juu ya tofali. Kijana simlaumu, anachora anachoagizwa. Na kwa haki nikasema huenda amechanganya, watu husahau nini kilitangulia nini. Nikamfuata mdogo wangu ghalani kwake.

"Ni kweli," alisema. Hakujaribu hata kuzunguka. "Dada, bila yule mpangaji jengo lisingeinuka. Mji unabadilika. Nani anajenga nguzo siku hizi?"

"Sikuulizi nguzo. Siku ile Butiama ulikuwa umeshafuta?"

"Nilikuwa nimeshafuta."

"Na ukaniacha nikasimama."

"Ningekuambia, usingesimama."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nataka pia niandike kwamba mtu huyu ndiye aliyenilaza hospitali nilipougua na kukaa na mimi mpaka nikapona. Kwamba mpangaji kweli ndiye aliyelibeba jengo. Na ghorofa ni zuri, hata mimi nalisema, jioni ziwa linaonekana ndani ya vioo vyake. Hayo yote ni kweli, ila kila nikiyapanga, lile moja haliondoki: alihitaji mdomo wangu, akauazima bila kuniambia unakwenda kusema nini.

Siku ya ufunguzi mchungaji aliomba, watu wakapewa soda na pilau. Mdogo wangu akaniita mbele. "Huyu ndiye dada yangu, ng'ombe wake ndio walioniolea! Nimempa chumba ghorofa ya pili, bure!" Vigelegele. Akaniwekea ufunguo kiganjani. Wifi yangu alikuwa anapiga makofi huku ananikwepa macho.

Nilijaribu, asiseme mtu sikujaribu. Chumba kina feni na taa nzuri. Kiko nyuma, dirisha linatazama matangi ya maji. Mama mmoja wa Kigera, mteja wangu wa miaka, alipanda ngazi akihema, akaketi kwanza. "Mwenzangu, nimekuja kupunguza gauni au kupunguza mwili?" Tukacheka. Hakurudi. Siku nzima nasikia cherehani yangu peke yake.

Wiki iliyopita nilimrudishia mdogo wangu ufunguo. Nilimwambia nimepata nafasi Bweri, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, chini ya bati.

Alikaa na ule ufunguo mkononi. "Shangazi akikuuliza, utamwambia nini?"

"Nitamwambia ulinipa chumba, na hukunitoza."

"Basi?"

"Na kwamba siku ile niliposimama, wewe ulikuwa unajua."

"Dada, hilo la pili unaweza kuliacha."

Nilimwambia nikiliacha hilo, na la kwanza itabidi niliache. Jumamosi naenda Butiama.