Ukuni wa Mbwa Ulimpata Mke Wangu

Nimekosa, jamani. Nimekosa vibaya, na tafadhali msinitafutie kisingizio.

Naishi Mount Dennis, hapa Toronto. Mke wangu, nimwite Neema, nilimuoa akiwa na mbwa wake, Karanga. Aliniambia mapema: "Mimi nimekulia kwenye nyumba ya kipigo. Baba akirudi amelewa, tunalala migombani. Ukimnyanyulia mkono Karanga, umeninyanyulia mimi."

Nikacheka. Mbwa! Kwetu Moshi mbwa analala nje, akisogelea chungu anakula jiwe, na hakuna anayeenda kuungama kwa padri.

Basi nikawa nampiga. Neema akiwa kazini, teke la mbavu. Akirudi anamkuta mbwa chini ya kitanda, nami nasema, "Mvivu tu huyo."

Mwezi wa nane tukaenda kupumzika, sisi wawili na Karanga, kwenye kijumba cha mbao kando ya ziwa, mwendo wa saa tatu kwa gari. Neema alihangaika wiki nzima kukipata, maana alitaka kinachopokea mbwa. Lo, alivyokuwa na furaha!

Siku ya pili, mchana, Neema anaogelea, mimi nachoma nyama. Paja la mbuzi, nililifuata buchani Mississauga, nikaliloweka na tangawizi usiku kucha. Nageuka kuchochea moto, Karanga kalidaka! Paja zima, kwenye mchanga!

Hasira zikanipanda. Nikachukua ukuni nikamtandika mgongoni. Akalia kama mtoto. Nikampiga tena, mguu ukavunjika, niliusikia. Na bado sikuacha! Nikanyanyua mara ya tatu.

Neema alikuja mbio, anachuruzika maji ya ziwa, akamlalia. Ukuni ulishaanza kushuka. Ukampata mkononi, na mfupa wake nao niliusikia.

Hakupiga kelele. Alijikunja juu ya mbwa, kafumba macho, kafunika kichwa kwa mkono uliobaki, anasubiri kipigo kingine.

"Neema, sikukusudia! Nilikuwa nampiga mbwa!"

Akafumbua macho. "Na mbwa ulimkusudia?"

Mama mmoja wa kijumba cha jirani ndiye aliyewapakia kwenye gari lake, Neema na Karanga. Polisi walinikuta kwenye ngazi, ukuni bado ninao.

Sasa nimepanga chumba, na mahakama imenikataza kumsogelea. Mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani, analia: "Mwanangu, ndoa inavunjwa na mbwa?"

"Hapana, mama. Nimeivunja mimi."

Wewe kaka unayesoma, usijidanganye eti mbwa tu. Ukifungua mlango wa nyumba yako, angalia nani anakimbilia chini ya kitanda, ujirekebishe ungali na watu ndani. Mimi siku hizi nikifungua mlango, hakuna anayekimbia. Hakuna mtu.