Kengele Nyuma Yangu

Baiskeli ya mtoto wa shangazi yangu ilikuwa na gia ishirini na moja, shokapu mbele, tairi zenye meno makubwa, na kengele ya baiskeli ya kubebea mkaa. Kengele yenyewe ilikuwa ya chuma, kubwa kama kikombe cha chai, na haikuendana kabisa na kile chombo. Nilimwambia mara nyingi aitoe. Nilimwambia baiskeli nzuri kama ile, mtumba wa ng'ambo, fremu nyepesi unaiinua kwa mkono mmoja, inatia aibu ikilia kama ya muuza samaki. Akanijibu kwamba aibu anayoijua yeye ni kuonekana na mimi. Leo hakuna sauti ninayoitamani kama hiyo, ikilia nyuma yangu msituni Jumapili asubuhi.

Mimi ni fundi wa friji, naishi Dunda, mjini Bagamoyo. Yeye ni mkulima wa Miono, analima mananasi na ufuta. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani wetu sisi ulianza tungali watoto wa kutembea pekupeku. Aliweza kuniita mvivu mbele ya wakwe zangu, na mimi siku ya harusi yake nilisimama nikasema bibi harusi amedanganywa, arudishwe kwao. Sharti ni moja tu: mtani akikutania, huruhusiwi kununa. Mimi nina hasira za karibu, ukoo mzima unalijua hilo, na kwa miaka mingi nilijitahidi.

Kila Jumamosi jioni, kazi zikiniruhusu, nilifunga baiskeli yangu juu ya basi dogo nikaenda kulala kwa shangazi. Jumapili baada ya sala ya alfajiri tuliingia msituni. Juu ya kijiji kuna ujia mmoja, upana wake mabega ya mtu. Waliouchonga ni wabeba mkaa wa zamani, baba yake akiwamo, kabla pikipiki hazijaichukua kazi ile. Unaanza na mchanga, unapanda kwenye mawe, unapita katikati ya miti iliyosongamana, halafu unaporomoka kwenye mizizi iliyojipanga kama ngazi mbovu mpaka kwenye kijito kikavu.

Mbeba mkaa mwenye magunia mawili nyuma hawezi kugeuza baiskeli kwenye ujia ule. Akikosea njia panda, amekwisha. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Anayetangulia akifika njia panda hukata tawi la majani mabichi na kulilaza kwenye njia ambayo mwenzake asiipite. Anayefuata akiona majani mabichi anajua njia ile imefungwa leo. Majani makavu ni habari ya siku nyingine, hayamhusu. Kama hakuna tawi bichi, njia zote mbili ziko wazi, achague anayoipenda. Na akishapita hapo anapiga kengele, ili wa mbele ajue kuwa mwenzake yuko salama.

Sisi tulirithi ujia pamoja na utaratibu wake. Mimi nilitangulia kwa sababu nilikuwa mwepesi, yeye akafuata kwa sababu alikuwa hodari. Hilo nalisema sasa, zamani nisingelikubali. Kwenye mizizi mimi nilikuwa napigana na usukani, nakodolea macho kila mzizi ninaouogopa, na mzizi unaoutazama ndio huohuo utakaoupanda. Yeye alitoka kwenye tandiko, akarudisha makalio nyuma mpaka karibu na tairi, akalegeza viwiko, na baiskeli ikateremka chini yake yenyewe. Hakutazama mizizi. Alitazama mbele, pale anapotaka kufika. Nilijua hayo kwa sababu mara mojamoja nilimwachia atangulie ili nione. Wakati mwingi nilimjua kwa sauti tu: mnyororo, matawi yakichapa fremu, kisha ile kengele ya muuza samaki.

Jumapili ile ilikuwa mwishoni mwa masika. Tulipotoka msikitini jirani mmoja aliniambia mvua imekula ukingo wa njia ya kushoto, ile ya njia panda ya kwanza inayopita juu ya korongo. Mwenzangu alikuwa ameshatangulia nyumbani kujaza upepo. Nikasema nitamwambia tukiwa njiani.

Kwenye mawe, kabla ya njia panda, nilitia mguu chini. Mawe yalikuwa na utelezi na nilikuwa nimekaribia kabisa kuvuka. Alicheka kutoka nyuma. Akasema sasa ameelewa kwa nini friji za Bagamoyo zinagoma, zimejifunza kwa fundi wake. Ulikuwa utani wa kawaida, nilishaambiwa makubwa kuliko hayo. Lakini wiki ile mteja alikuwa amenitukana kwa friji iliyogoma kweli, na neno lile likanichoma. Nilinuna. Nilipanda baiskeli nikaondoka bila kumjibu, na habari ya ukingo nikaondoka nayo.

Nilipofika njia panda nilikumbuka. Ningeweza kumsubiri, ilikuwa dakika moja tu. Ningeweza kushuka nikakata tawi bichi, panga dogo lilikuwa kiunoni. Lakini kando ya njia lilikuwepo tawi la Jumapili mbili nyuma, tulilolikata wenyewe. Nililisukuma kwa mguu, bila hata kushuka, likalala kwenye njia ya kushoto. Majani yake yalishakauka. Nikapinda kulia, nikaporomoka kwenye mizizi, na sikusikia kengele. Nikajisemea, naye kanuna. Nikaendelea kukanyaga.

Nilipofika kijitoni nikasubiri asitokee, nikarudi kumtafuta. Nilimkuta chini ya korongo, baiskeli juu yake, goti limegeukia upande ambao goti haligeukii. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Hakupiga kelele. Njia nzima alisema maneno mara moja tu, karibu na sikio langu.

"Yalikuwa makavu, mtani."

Goti lilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, likapona kwa namna yake. Anatembea kwa fimbo, lakini goti halikunjiki kiasi cha kuzungusha pedali. Nilimwomba radhi hospitali, nikamwomba radhi nyumbani, nikamwomba tena siku ya Idi. Kila mara alinijibu kwamba mtani haombwi radhi, halafu akatafuta la kunichekesha. Nilitamani anikasirikie hata siku moja. Hakunikasirikia, na kwa kweli hilo lilinielemea kuliko kama angenifukuza.

Niliendelea kwenda Miono. Baiskeli yake ilitundikwa ukutani upande wa jikoni, na kila Jumapili kabla ya kuingia msituni niliishusha, nikaipaka mnyororo mafuta, nikazijaza tairi zote mbili upepo. Kisha nikaenda peke yangu. Kwenye kila njia panda nilikata tawi bichi nikalilaza, nikasimama nikisikiliza kama mjinga. Msitu una ndege wengi asubuhi, una kima, una upepo. Nilivisikia vyote.

Asubuhi moja shangazi alinikuta nimeinama na pampu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini hakuondoka. Alisimama na sufuria yake mkononi akinitazama.

"Unamjazia nani upepo huo, mwanangu?"

Mwanawe alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mguu ameunyoosha, na yeye ambaye hakosi neno, siku ile alitazama upande mwingine. Nilifahamu kwamba kwa karibu miaka miwili nilikuwa namwonyesha kila wiki kitu asichoweza kukipanda.

Wiki tatu sikwenda. Nilipokwenda tena niliikuta misumari ya ukutani haina kitu. Sikuuliza baiskeli iko wapi, nilidhani ameshampa mtu, na ni haki yake. Mwenyewe hakuwepo. Shangazi akasema ametoka mara tu baada ya alfajiri na hakuaga anakwenda wapi. Nikaingia msituni na moyo mzito. Kwenye mawe nilitia mguu chini mara mbili na hakuna aliyecheka.

Njia panda ya kwanza ilikuwa imefungwa. Kwenye njia ya kushoto palilazwa tawi kubwa, majani yake mabichi kabisa, utomvu bado unatoka mahali lilipokatwa. Yeye alikuwa amekaa kwenye gogo pembeni, kanzu imelowa umande mpaka magotini, baiskeli imeegeshwa ubavuni pake. Alikuwa ameisukuma kutoka nyumbani, akiiegemea badala ya fimbo, mchangani na juu ya mawe yote yale. Nilitaka kushuka. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na macho yalishaanza kuniuma. Akanizuia kwa kidole, akanionyesha kulia.

"Pita," akasema. "Nipo nyuma."

Nikapita. Nilirudisha makalio nyuma, nikalegeza viwiko, nikajaribu kutazama mbele kama yeye. Nilivuka mzizi wa kwanza, nikavuka wa pili. Ndipo ikalia, ileile, ya chuma, ya muuza samaki. Ikalia tena, na tena. Niliijua vizuri kengele ile, namna ilivyokuwa ikinikaribia kila ninapochelewa kwenye mizizi. Safari hii ilikuwa ikilia palepale, haisogei.

Ningeteremka kidogo tu zaidi ningekuwa mbali, nisiisikie. Nikashika breki zote mbili, nikatia mguu chini katikati ya mteremko, nikasimama pale mpaka alipochoka kuipiga.