Ardhi ya Ng'ambo na Shamba Letu la Nzahaha

Siku ya kwanza kazini, agronomu wa komuni, yaani bwana shamba wetu, alinipa ncha ya utepe wa kupimia akaniambia, "Shika sifuri, Dada. Hata ukiteleza, usiiachilie." Tulikuwa kwenye mteremko wa Nzahaha, mvua imetoka kukatika. Wazazi wangu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu wawili, Tomasi na Silasi.

Tulipima mashamba ili serikali ya Rwanda ijue nchi ina ardhi kiasi gani ya kulimika. Kwenye pembe tulisimamisha jaloni, yaani fito zenye rangi nyekundu na nyeupe. Mlimani utepe haulazwi juu ya udongo. Unanyooshwa hewani, bila kuinama, ukishuka ngazi kwa ngazi. Hivyo shamba la mteremkoni hutoka dogo kuliko mwenyewe anavyolijua kwa miguu yake. Maman mmoja alinifuata na jembe begani. "Mimi nalima udongo, wewe unapima upepo! Nusu ya maharage yangu umeipeleka wapi?" Agronomu alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka, maana shamba la marehemu baba lilikuwa na mteremko uleule.

Baadaye nilihamishiwa Bugarama, kwenye uwanda wa mto Ruzizi. Hapo mkuu wa kituo alilinganisha hesabu zetu na za Zaire, ng'ambo ya mto, msimu baada ya msimu. Mpima wa upande wa pili, Papa Bahati, alivuka kutuletea zake. "Ninyi Banyarwanda munalima mpaka mlangoni," alitutania. "Siku moja mutapanda muhogo juu ya kitanda! Kwetu shamba inachoka, tunaiacha ilale."

"Basi lala nayo," mkuu alimjibu.

Katika jedwali, ardhi ya kulimika iliongezeka pande zote mbili. Kwao walikata msitu. Kwetu malisho ya ng'ombe na mabonde ya maji yaligeuzwa mashamba. Mkuu alifurahi. Nilipomwambia kwamba kila familia niliyoirudia ilikuwa na shamba dogo kuliko mwanzo, alisema, "Sisi tunapima nchi, hatupimi familia."

Tomasi alipotaka kuoa, baba mdogo aliniita. Kwa desturi yetu baba humkatia mwana anayeoa umunani, fungu lake la ardhi. "Baba yenu hayupo. Wewe ndiye mkubwa, ukate wewe." Nilipima, nikagawa nusu kwa nusu. Binti hakuwa na fungu, kwa hiyo langu halikuwamo. Silasi alisimama katikati ya lake, akanyoosha mikono.

"Dada, hii ni shamba ao ni mkeka? Mimi navuka. Wewe mwenyewe unasemaka ng'ambo ardhi inalala."

Nilikuwa nimesema kweli.

Silasi alivuka, akakaa huko miaka mingi, akilima ardhi ya kuazimwa na chifu kwa zawadi ya kila mavuno. Jedwali letu halikuonyesha nani ana haki ya kubaki. Vita vilipofika aliambiwa ni mgeni. Alirudi na mke, watoto na sufuria moja.

Kwenye nusu ya Silasi, Tomasi alikuwa amepanda migomba. "Nikiing'oa, batoto bangu bale nini?" aliniuliza. Ndugu hao wakaacha kusalimiana.

Wakati huo nilikuwa nimestaafu, na sheria ilishampa binti urithi. Kiongozi wa kijiji alinihimiza nidai fungu langu. Nililizunguka shamba zima bila utepe. Likikatwa mafungu matatu, hakuna ambaye angevuna cha kumlisha. Nikasema mbele ya wote kwamba sidai, ila Silasi arudishiwe nusu yake. Tomasi alikubali akitazama chini. Sasa wanasalimiana, kwa shida.

Ninyi vijana mlioshika kazi yetu mnapima kwa picha za angani, na nchi bado zinalinganishwa. Sawa. Lakini shukeni shambani, muulize linagawanywa na wangapi. Mimi nakaa chumba cha kupanga Kamembe, upande wa uwanja wa ndege. Hata mboga za majani nanunua sokoni.