Kochi la Madam

Chebet akijipiga picha, malkia na akae pembeni. Madam akitoka tu, yeye huyo, abaya ya madam mabegani, amejimwaga kwenye kochi lenye kingo za dhahabu, mguu juu ya mguu. Dasta ya kufutia vumbi anaisukuma chini ya mto. Sisi wafanyakazi wa nyumbani hapa Jeddah sote tuna picha za aina hiyo, tunazituma kwetu ili majirani wajue hatukuja Uarabuni kulala njaa. Zake zilikwenda Kenya, kwao msitu wa Mau, kwa binti yake Mitchelle.

Sasa, huyo Mitchelle ana kichwa. Kwao ni Waogiek, wenyeji wa msitu huo, naye ndiye wa kwanza wa kijiji chao kuitwa shule kubwa ya upili. Alipofika gredi ya kumi wenzake wakamkaribisha kwa jina la Ndorobo, yaani mtu wa msituni asiye na hata ng'ombe. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza akaanza kunyamaza darasani hata jibu akiwa nalo. Likizo fupi ilipofika akarudi kwa nyanya yake, akavua sare, akagoma kurudi shule.

Chebet akampigia, mdomo umejaa mahubiri ya elimu. Mtoto hakumpa nafasi.

"Mum, wewe uliachia class six na unaishi kwa palace. Mimi nitukanwe juu ya algebra ya nini? Nitafutie ajenti nikuje."

Chebet aliponisimulia nilicheka hadi nikashika mbavu. Kisha kicheko kikaniisha, maana ajenti wa kuleta wasichana huku Uarabuni hakosekani kamwe.

"Mwambie ukweli," nikasema.

"Selipher, nitaonekana aje?"

"Kama mfanyakazi. Kwani wewe ni nani?"

Alinuna. Lakini safari hii hakungoja madam atoke. Akarekodi video: vyoo vya kusugua, mlima wa nguo za kupiga pasi, godoro lake kando ya mashine ya kufulia. Katikati madam akampigia kelele aharakishe: "Chebet! Yalla!" Naye akaitikia, "Naam, madam," kwa sauti ndogo ambayo binti yake hakuwahi kuisikia. Hakuifuta. Akatuma.

Mitchelle akaandika: "Abaya ni ya nani?"

"Ya madam."

"Na kochi?"

"Ya madam."

"Na wewe ni wa nani?"

Chebet, mwenye mdomo wa kumuuzia mvuvi maji ya bahari, aliinamia simu. Akalia wee. Kisha akajibu: "Wako, mjinga wewe. Rudi shule."

Mitchelle akaandika:

"Sawa, narudi. But usiwahi kalia kiti yao tena."