Mayai Kumi na Manane ya Bwana Kobe

Wanaosema kwamba Bwana Kobe alikula mayai ya hifadhi hawakuwapo, na aliyewaambia naye hakuwapo. Marehemu hawezi kujitetea, basi na yaandikwe yalivyokuwa.

Alilinda bwawa la kobe wa majini kwa miaka ishirini na mitatu. Jina hilo alipewa na wafyatua matofali wa kando ya bwawa, waliomwona kila siku akiwafuata kobe waliopenda kutaga katika mchanga wao. Zamani majembe yaliyapasua mayai, hadi yeye na kiongozi wao, Fundi, walipokubaliana: kobe akitaga, panachomekwa kijiti, na hapo hapachimbwi mpaka watoto watoke. Mwaka wa mkasa huu waliliacha lundo zima la mchanga wiki saba kwa ajili ya kiota kimoja.

Ikanyesha mvua isiyo ya majira yake, maji yakaanza kuula mchanga. Bwana Kobe akayafukua mayai kumi na manane, akatia kila moja alama ya penseli juu, akayapanga katika beseni la mchanga vilevile yalivyolala. Yai la kobe si la kuku; likigeuzwa, kilichomo hufa. Nyumbani kwake kulikuwa karibu kuliko ofisini. Akaliweka beseni juu ya meza ya jikoni, akatoka kupiga simu ili gari la hifadhi lije.

Aliporudi, mvua ilikuwa imekatika na beseni limeanikwa juani, tupu, linang'aa.

Akafungua friji. Mayai yalikuwa mlangoni, yamesimama kwenye vishimo, meupe pe, yamesuguliwa kwa sabuni. Hata chembe ya penseli haikusalia.

"Yalikuwa na matope," aliambiwa. "Nilidhani ya kanga."

Alibaki ameushika ule mlango mpaka friji ikaanza kuunguruma. Hatimaye akauliza, "Maji yalikuwa ya moto?" Kana kwamba jibu lingefufua kitu.

Gari lilipofika, dereva alimnong'oneza, "Mzee, sema mafuriko yameyabeba. Nani atachunguza?"

"Watu wameacha mchanga wao wiki saba," alijibu. "Siwezi."

Akaenda kwa miguu yake, akasimama mbele ya wafyatua matofali. "Mayai yameharibikia jikoni kwangu. Kosa ni langu."

Wakaweka koleo chini.

"Jikoni!" mmoja akapaza sauti. "Chumvi ulitia, mzee?"

Wakacheka kicheko kikavu. Mwingine akang'oa kijiti, akainua jembe. Fundi akampokonya.

"Angetaka kutudanganya, angesingizia mvua," alisema, akakichomeka kijiti palepale. "Mwakani tunaendelea. Ila yai la kobe halitavuka tena kizingiti cha mtu."

Hakutoka kobe hata mmoja katika yale kumi na manane. Mwaka uliofuata viota vilikuwa vitatu, na sanduku la mchanga la kuhamishia mayai likajengwa kando ya bwawa kwa matofali ya Fundi mwenyewe. Hayo hayasimuliwi. Uliobaki midomoni mwa watu ni mzaha wa chumvi.

Siku ya mazishi Fundi alimsogelea mjane.

"Shemeji, yule hakuwa mzembe hata siku moja. Nani aliyeyagusa yale mayai?"

"Mtu wa nyumba hii, shemeji."

"Nani?"

"Mume wangu hakumtaja mpaka anaingia kaburini. Nami simtaji."