Mukhwana na Mulongo wa Injinia Wamalwa

Hapa Kayole, juu ya kinyozi, nimekodi nusu ya chumba mimi Mbeti na mashine yangu ya fotokopi. Nusu nyingine ni ya Job Wamalwa, ambaye mtaa mzima humwita Injinia. Uinjinia huo hakuusomea popote. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni miaka ishirini na sita, akastaafu na cheti cha shukrani, kisha akaanza kununua kompyuta zilizokufa kutoka kwa waokotaji wa jaa la taka la Dandora. Huzifufua kwa Linux, mfumo usiouzwa, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua na kuubadilisha apendavyo. Hapo nampa haki yake, huzifufua kweli. Kinachonishinda ni mdomo wake.

Injinia haambiliki. Ukimwambia kunanyesha atatoka nje kuhakikisha, arudi ameloa chapachapa, aseme ni umande. Kwao Bungoma, jina Wamalwa hupewa mtoto aliyezaliwa msimu wa pombe. Yeye hanywi hata tone, lakini sifa humlewesha kuliko chang'aa.

Na sifa kubwa kuliko zote ni kwamba amezaa mapacha. Kwa Wabukusu pacha anayetangulia ni Mukhwana na anayefuata ni Mulongo, basi, mpaka kaburini. Tangu apate wake, kila kitu kinachokuja kwa jozi Injinia hukipa majina hayo, hata soksi. Sasa Linux nayo, ukichomeka diski mbili, huzitaja kwa zamu. Inayoitika kwanza huitwa sdb, inayofuata huitwa sdc. Injinia alipoligundua hilo alifurahi utadhani walioitengeneza ni wajomba zake wa Kimilili.

Shamis, msichana wa chuo anayekuja kwangu kuchapisha kazi zake, alimwonya nikisikia.

"Injinia, hizo majina si za kudumu. Ukizima ukiwasha, ile imeamka mbele ndio inachukua b. Shika ile namba ya kiwandani ya diski, ama uandike sheria uipe jina lako mwenyewe. Hiyo haibadiliki."

"Shamis, umezaa wewe?"

"Bado."

"Mimi nimezaa Mukhwana na Mulongo siku moja. Umewahi kuona Mukhwana amelala, akaamka Mulongo?"

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, na ninajuta.

Wiki mbili baadaye alikuja Everline Nangila, anayeshona nguo kiwandani. Mama yake alifariki mwezi wa nne. Kabla ya kufa, mama alikuwa amerekodiwa na mjukuu kwa siku sita, akieleza ukoo mzima, nani alizaliwa lini na kwa nini akaitwa hivyo. Sauti zote zilikuwa kwenye diski moja. Nangila aliogopa iharibike, akanunua nyingine ya aina ileile, mpya kabisa, ili Injinia amnakilie. Alikuwa hajasikiliza. Alisema moyo ulikuwa bado, angesikiliza nakala ikishakuwa salama.

"Mzee, hii ndiyo mama yangu," alisema akiiweka mezani. "Nangila ni mtoto aliyezaliwa njiani, hiyo najua. Lakini njia gani, tukienda wapi, mama alikuwa akisema nitaambiwa siku yangu. Iko humo ndani."

"Nenda kazini, mwanangu. Hii ni kama kunywa chai tu."

Alipotoka, Injinia alichomeka diski zote mbili, akatazama majina. Ya zamani ilikuwa sdb, mpya sdc. Akabandika karatasi, Mukhwana juu ya ile ya zamani, Mulongo juu ya mpya. Akaandika amri kwenye daftari, nakili kila kitu kutoka sdb kwenda sdc, kisha akashuka kula mandazi. Stima ikapotea, ikarudi. Kompyuta ikajiwasha yenyewe, na safari hii diski mpya ndiyo iliyoitika kwanza, ikawa sdb.

Injinia alirudi anapangusa mafuta mdomoni. Hakuangalia upya. Angalie nini, na jina ameshalibandika? Alinakili amri kutoka daftarini herufi kwa herufi, akabonyeza, akajinyoosha kitini. Kwa saa tatu mashine ilichukua utupu wa ile mpya ikaumwaga juu ya mama wa watu, taratibu, bila kulalamika. Ilifanya ilivyoambiwa. Ningetamani ingekuwa na kichwa kigumu kama cha bwana wake.

Jioni Nangila alirudi na shali lake la kazini. Injinia alifungua diski ya kwanza, hamna kitu. Akafungua ya pili, hamna kitu. Akaanza kuzibadilisha matundu, akatoa jasho, akasema stima ya Kayole ni balaa.

"Si stima," nilisema. "Mwambie."

Akamwambia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema jambo bila kujipamba. Nangila hakulia. Alizishika diski zote mbili mapajani, nikaona aibu kuwa na mashine inayonguruma, nikaizima.

"Mzee, na wewe hukusikia hata kidogo?"

"Nilijaribu sauti asubuhi, kuona kama inatoka."

"Alisema nini?"

"Alikohoa. Halafu akasema, Nangila, siku hiyo tulitoka alfajiri tukipanda kwenda..."

Nangila aliinama mbele. "Kwenda wapi?"

Injinia alitazama mikono yake.

"Hapo ndipo nilipozima," akasema. "Nilikuwa na haraka."