Mlingoti Kati ya Kuta Mbili

Mlingoti ule, mkaratusi mrefu, ulisimama kwenye uchochoro kati ya nyumba ya mama yangu na ukuta wa baba mkubwa, pale Mbeya, mahali ambapo mtu mnene angepita kwa ubavu. Ulikuwa umeinamia chumba cha mama. Mvua za mwaka uliopita tawi moja lilitoboa bati juu ya kitanda chake, na tangu hapo alikuwa akilala jikoni.

Kuukata kutoka chini haikuwezekana. Usingekuwa na pa kuangukia. Ilibidi mtu apande, aukate vipande kuanzia juu na kuvishusha kwa kamba. Kazi hiyo nilijifunza Mufindi, nikipogoa paini wakati wa likizo za chuo.

Baba mkubwa alikataa. Mti ulipandwa na babu, alisema, hauguswi mpaka ukoo ukae; atakayeugusa kabla ya hapo atapata laana yake.

"Bati lilipotoboka, ukoo ulikaa?" nikamuuliza.

"Hayo ndiyo mnayofundishwa chuo? Kuwahoji wazazi?"

"Nauliza tu, baba mkubwa."

"Panda basi. Lakini likiingia kwangu hata jani, utanijua."

Akaleta kiti, akakaa upande wake na panga magotini. Mpaka leo sielewi kwa nini mtu anayetegemea laana ya babu ahitaji panga.

Nilipanda na viatu vyenye miiba ya chuma, mkanda ukinishikilia kwenye shina. Kamba ya kushushia ilipita kwenye panda ya matawi juu yangu, ikashuka hadi kwa mama, aliyeizungusha kwenye kitako cha mti ili uzito usimshinde. Matawi ya kwanza yalishuka vizuri. Kila moja lilipotua, baba mkubwa aliguna kama mtu anayeibiwa.

Kisha upepo ukasukuma tawi kubwa lililokuwa likining'inia, likavuka ukuta. Baba mkubwa aliruka kutoka kitini, akalidaka.

"Limeingia kwangu! Ni kuni zangu hizi!"

"Achia, baba mkubwa! Bado limefungwa!"

"Limefungwa na nani? Hapa ni kwangu!"

Akavuta. Mti ukatikisika nami nikiwa juu, mkanda ukanibana kiuno, chenso, msumeno wa injini niliokuwa nimeutundika ubavuni, ikanigonga paja. Akainua uso, akaniona nimekumbatia shina, akavuta tena. Hilo ndilo sijamsamehe: aliniona kwanza.

Mama hakupiga kelele. "Unataka kuni, shemeji?" akauliza. "Chukua." Akaiachia kamba yote.

Baba mkubwa akaanguka kwa matako. Tawi likapita kando yake, likalala juu ya banda la kuku, na kuku wakatawanyika hadi barabarani.

"Mmenivunjia banda!"

"Umevuta mwenyewe," mama akajibu, akikusanya kamba.

Tangu hapo sikumwomba mtu ruhusa. Kipande kilichoelekea kwa mama nilikishusha kwa kamba. Kilichoelekea kwa baba mkubwa nilikiacha kianguke. Kila kilipotua alitukana, kisha akatoka alikojificha na kukiburuta haraka, kana kwamba ningeshuka kumnyang'anya. Niliendelea hivyo mpaka kikabaki kisiki.

Jioni mama alirudisha kitanda chumbani kwake. Nilitoka na chenso begani, nikampita baba mkubwa akipanga kuni zake ukutani. Alinyoosha mgongo, akajifuta mikono, akasubiri shikamoo.

Nikaendelea kutembea.